Kuuza Karafuu au Kuuza Mkarafuu: Vipindi vya Kituo cha Umma Mikononi mwa Washindani

Swali: "Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Jioni tukikaa barazani tunabishana kuhusu vituo vya umma na vipindi vyao. Kaka yangu anasema kipindi kikishapendwa, kituo kiwauzie wenye televisheni za biashara, kipate fedha za kutengenezea vingine, kama wanavyofanya Waingereza. Mimi naona hiyo ni dhulma, kwa sababu kipindi kimetengenezwa kwa fedha zetu sote, kisha atakayekiona ni mwenye king'amuzi cha kulipia. Je, ni haki kuwauzia washindani? Na wazee wa taarabu walioimba studio, au watoto wa skuli wanaopelekwa kwenye chemsha bongo, wao wanaulizwa?"

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimeona kwamba wewe na kaka yako hambishani juu ya jambo moja. Yeye akisema "kuuza" ana lake moyoni, na wewe ukisema "kuuza" una lako, na yote mawili hufanyika katika kazi ya utangazaji chini ya neno hilohilo. Nyinyi ni watu wa Pemba, kwa hiyo sina haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mwenye mikarafuu anaweza kumkodisha mwenziwe kwa msimu mmoja: yule atachuma, ataanika, atauza, na msimu ukimalizika miti inarudi kwa mwenyewe ikiwa imesimama palepale. Mtu huyohuyo anaweza kubanwa na shida akaiuza miti yenyewe, na mwaka unaofuata akawa anapita njiani anasikia harufu ya karafuu kwenye majamvi ya watu wengine.

Nianze na msimamo wangu, ili usingoje hadi mwisho. Kituo cha umma kinaweza kukodisha msimu, tena mara nyingi kinapaswa kufanya hivyo. Lakini hakipaswi kuuza mti. Kukodisha msimu ni kumpa mwenye kituo cha biashara ruhusa ya kukirusha kipindi kwa muda maalumu, baada ya wananchi kuwa wamekwisha kukiona bila ya malipo. Kuuza mti ni kutoa umiliki wa kipindi, jina lake, muundo wake, au ile zamu ya kwanza ya kurushwa, ambayo ndiyo iliyofanya fedha za umma zitumike. Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna suala ambalo barazani kwenu nadhani halijaguswa ila katika ile sentensi yako ya mwisho, nalo ni kama miti hiyo kweli ni ya kituo.

Tuanze na Waingereza wa kaka yako, maana amewataja kwa haki lakini amewataja nusu. Mwaka 2015 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa mashauriano juu ya mustakabali wa BBC, na ndani yake ikahoji iwapo shirika linaloishi kwa ada ya lazima linapaswa kushindana na vituo vya biashara katika vipindi vya burudani. Waraka ule ulivilinganisha vipindi viwili. Kimoja ni Strictly Come Dancing, mashindano ya kucheza dansi ambayo BBC iliyabuni yenyewe na kuanza kuyarusha mwaka 2004. Cha pili ni The Voice, mashindano ya kuimba yaliyobuniwa Uholanzi, ambayo BBC iliyanunua tu. Kile cha kwanza kiliuzwa muundo wake Marekani mwaka 2005, ambako televisheni ya biashara ya ABC inakirusha kwa jina la Dancing with the Stars, na baadaye kikauzwa katika nchi nyingine nyingi. Waingereza wanaendelea kukiona kwao bila kupungukiwa na kitu, na mapato yanarudi. Kile cha pili kilihamia kituo cha biashara cha ITV ya Uingereza (si ITV yetu ya Tanzania) mwaka 2017, na BBC haikuwa na la kusema, kwa sababu ITV ilikuwa imekwisha kuinunua kampuni iliyokimiliki.

Kwa hiyo ni kweli kwamba BBC huuza. Ina kampuni yake ya biashara, BBC Studios, ambayo mapato yake kwa mwaka yanapita paundi bilioni 1, na faida yake hurejeshwa katika kutengeneza vipindi. Ina hata vituo vinavyorusha matangazo ya biashara, vile vya UKTV vilivyoanza mwaka 1992 kwa ubia na ambavyo mwaka 2019 vilikuwa vyake kabisa, na huko ndiko marudio ya vipindi vyake vya zamani yanakokwenda. Lakini angalia mpangilio. Mwenye nyumba wa Uingereza, ambaye mwaka 2024 alitakiwa alipe paundi 169.50 kuwa na leseni ya televisheni, anakiona kipindi kwanza, bila ya tangazo la sabuni katikati. Mnunuzi anapata kilichobaki baada ya mwenye mali kushiba. Kaka yako alilisikia neno "huuza" na hakulisikia neno "baadaye".

Wapo wanaodhani kwamba kipindi kikipendwa mno ndipo kituo cha umma kinapaswa kukiachia, kwa hoja kwamba soko linaweza kukibeba, na fedha za umma ziende kwenye mambo ambayo hakuna mfanyabiashara atakayeyagusa. Hoja hii siidharau. Ina mantiki ya yule anayesema kwamba Serikali isiuze maandazi ikiwa mtaani kuna wapishi. Udhaifu wake unaonekana unapotazama kipindi kinavyozaliwa. Hakuna anayejua siku ya kwanza kama kitapendwa. Mashindano ya kuoka keki ya The Great British Bake Off yalianza mwaka 2010 katika chaneli ndogo ya BBC, watu wakiwa ndani ya hema wakisubiri unga uumuke. Ni wazo ambalo ukimweleza mtu anayeuza matangazo atakuangalia usoni kuona kama unatania. Kituo cha umma kilibeba hasara inayowezekana, kikakipa kipindi muda wa kukua, hadi kikahamishiwa chaneli kubwa mwaka 2014 na kuwa miongoni mwa vinavyotazamwa zaidi nchini humo. Ukisema kwamba kilichopendwa kiachiwe soko, unakigeuza kituo cha umma kuwa kitalu cha miche: kinamwagilia, kinapalilia, kinafukuza kuku, na mche ukishasimama anakuja mtu na toroli.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa keki zile, ila toroli halikuitwa na BBC. Kipindi kilitengenezwa na kampuni binafsi, Love Productions. Tangu sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003, watayarishaji huru hubakia na haki za kazi zao, na kituo hununua leseni ya kurusha tu. Leseni ilipomalizika mwaka 2016, BBC iliripotiwa kutoa paundi milioni 15 kwa mwaka, na Channel 4 ikatoa milioni 25 kwa mwaka kwa miaka 3. Kipindi kikaondoka. Watangazaji wake wawili na mwamuzi mmoja, Mary Berry, walikataa kuhama nacho, lakini hema, keki na jina vilikwenda. (Channel 4 nayo, kwa taarifa ya barazani, ni mali ya umma, ingawa inaishi kwa matangazo ya biashara, mambo haya hayapangiki vizuri kama tungependa.) Waingereza wengi waliilaumu BBC kwa kukiuza kipindi. Haikukiuza, kilikuwa si chake, na watazamaji wengi hawakulijua hilo hadi siku kilipofunga virago.

Ndiyo maana nashikilia sana suala la jina. Mwaka 2001 ITV iliwapokonya BBC haki za kuonesha muhtasari wa mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Kile kipindi cha BBC cha mpira, Match of the Day, kilichoanza mwaka 1964, kilipoteza kiini chake kwa misimu 3. Lakini jina, muziki wa kufungulia na mazoea ya watazamaji vilibaki BBC, ambayo iliendelea kulitumia jina lile kwa mechi za kombe. ITV ilikipa kipindi chake jina jipya, ikakiweka saa moja ya jioni ya Jumamosi, wakati wa familia, na kabla ya mwaka kwisha ikalazimika kukirudisha usiku. Mwaka 2004 haki zilirudi BBC, na watu wakarudi kama waliokwenda sokoni wakarejea nyumbani. Kituo kilichouza jina hakina pa kurudia.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma wewe, la king'amuzi cha kulipia. Mfano ulio karibu zaidi na hofu yako unatoka Marekani. Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza mwaka 1969 kwa shabaha ya kuwafundisha herufi na hesabu watoto wa familia maskini kabla hawajaingia skuli, kilikuwa kwa miongo mingi kikioneshwa bure katika vituo vya umma vya PBS. Mwaka 2015 taasisi isiyo ya faida inayokitengeneza ilifunga mkataba na HBO, televisheni ya kulipia. Vipindi vipya vikaanza kuonekana kwanza kwa waliolipa, na watoto wa PBS wakavipata bure baada ya miezi 9. Waliotetea walisema kwamba bila ya fedha zile kipindi kingekufa, na kwamba mtoto wa miaka 3 hajui kama herufi aliyofundishwa ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Hoja ya pili ina ukweli wake, lakini mimi hainikai vizuri. Mtoto hajui, ila mzazi anajua, na anachofundishwa mzazi ni kwamba wa kwake husubiri. Mwaka 2025, ulipotangazwa mkataba mpya na Netflix, sharti lilibadilika: vipindi vipya vitolewe siku moja, kwa wanaolipa na kwa PBS. Maana yake ni kwamba sharti hilo liliwezekana. Tofauti ya mkataba wa kwanza na wa pili imo katika sentensi moja, na wewe ungeitambua sentensi hiyo hata kama hujasoma sheria.

Kwa hiyo, mwalimu, dhulma unayoiona ipo pale mnunuzi anapopewa zamu ya kwanza, au anapopewa haki ya peke yake hadi kituo chenyewe kisiweze kukirudia kipindi chake. Pale ambapo wananchi wamekwisha kukiona bure, kituo kimebakiwa na haki ya kukirudia kikitaka, na mnunuzi amelipia marudio, sioni aliyedhulumiwa. Mtazamaji wa kituo cha biashara naye ni mwananchi mlipa kodi. Kituo cha umma hakikuwekwa ili kihesabu watu wanaokaa mbele yake peke yake. Kiliwekwa ili kazi yake iwafikie watu, na ikiwafikia kupitia mlango wa jirani, imewafikia.

Kuna jingine linalonifanya niegemee upande wa kuuza, nalo ni hatari ya kipindi kufungiwa kabatini. Kipindi kisichouzwa wala kutolewa mara nyingi hufa. Miaka ya 1960 na 1970 BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zilitumika tena, na kwa sababu mikataba na waigizaji ilizuia marudio mengi. Hakuna aliyeona faida ya kuziweka. Vipindi kadhaa vya mfululizo wa tamthilia ya Doctor Who vilipotea kwa njia hiyo. Baadhi yao viliokolewa kwa sababu tu vilikuwa vimeuzwa nje: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana Jos, nchini Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Kilichofutwa London kilikuwa kimehifadhiwa na mnunuzi wa Afrika, bila yeye mwenyewe kujua kwamba ameweka amana.

Nikilisoma hilo huwa naikumbuka Unguja. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Televisheni ya rangi ilikuja mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake vya kwanza vya televisheni. Sheria ya 2013 ikaviweka redio na televisheni pamoja katika Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Ni zaidi ya miaka 70 ya taarabu, michezo ya redio, hotuba, khutba, mahojiano na wazee ambao hivi sasa wako makaburini. Aliyewahi kushika kanda ya sumaku iliyokaa katika hewa ya pwani anajua: mfuniko wa boksi una madoa ya kahawia, kanda ina harufu ya siki au ya ukungu, na ukiizungusha kwa haraka inaacha unga mweusi kwenye vidole. Kila mvua ya masika inachukua kidogo. Kuzihamishia katika mfumo wa dijitali kunahitaji mashine zisizotengenezwa tena na mafundi wenye subira, na fedha hiyo, kwa nchi yoyote yenye hospitali za kujenga, haipatikani upesi kutoka Hazina. Mnunuzi anayesema "nitalipia kuhamisha kanda 500, nipe ruhusa ya kurusha vipindi vyake kwa miaka 3" ni mtu wa kukaribishwa kahawa. Anayesema atalipia kuzihamisha kanda kisha aziondoe zikawe zake, huyo apewe kahawa na aoneshwe njia ya bandarini.

Hapa ndipo tunapofika kwa wazee wako wa taarabu, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wa mikataba hupita hapa mbio.

Katika visiwa vyetu mtu anaweza kumiliki mti na mwenziwe akamiliki ardhi uliposimama. Wanasheria wa kigeni huona ajabu, sisi tumezoea. Wimbo wa taarabu uliorekodiwa redioni ni hivyohivyo, ila wenye miti ni wengi zaidi. Yupo aliyetunga shairi, ambaye mara nyingi si mwimbaji. Yupo aliyelitia muziki. Yupo aliyeimba. Wapo wapigaji wa fidla, ganuni, udi na akodiani. Kipo kikundi, ambacho kina uhai wake mrefu kuliko wanachama wake: Nadi Ikhwan Safaa ni ya mwaka 1905, na Culture Musical Club ilianza mwaka 1958. Mwisho ndipo kinapokuja kituo, ambacho kilitoa studio, fundi na kanda. Kituo kina haki katika ile rekodi, hakina haki katika shairi. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ina COSOZA, chombo kinachosimamia hakimiliki visiwani, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili halina mlango wa kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba rekodi nyingi za zamani zilifanywa katika dunia nyingine. Kikundi kilialikwa studio, kikafurahi kusikika hadi Mombasa na Dar es Salaam, kikapewa nauli na chai, na hakuna aliyesaini karatasi. Kila mtu alielewa, bila kuandika, kwamba wimbo utapigwa redioni. Hakuna aliyeelewa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuelewa, kwamba siku moja utakuwa katika simu ya mtu aliye Muscat. Ruhusa ile ya kimyakimya ilikuwa ya redio ile na wakati ule, na siamini kwamba inaweza kunyooshwa hadi ikafunika kuuzwa kwa mtu wa tatu. Kituo kinachotaka kuuza lazima kirudi kwa vikundi na kwa warithi, kiandike mgawo, na pale ambapo mwenye haki hajulikani, fungu lake liwekwe pembeni hadi apatikane. Nimesikia ikisemwa kwamba hilo litachelewesha mauzo. Litachelewesha, kweli. Mirathi nayo huchelewesha kuuza nyumba, na hakuna anayeshauri tuiruke.

Nikupe kisa kimoja cha karibu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na kituo kimoja nikisomee rasimu ya mkataba kabla ya kutia saini. Zilikuwa kurasa 3. Bei ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu katika nafasi iliyoachwa wazi, na mkuu wa vipindi alikuwa anaitazama bei ile kwa macho ya mtu ambaye kamera yake imekufa wiki iliyopita. Katika ukurasa wa pili, katikati ya aya ndefu juu ya ubora wa picha, kulikuwa na maneno yanayompa mnunuzi haki zote za kipindi, duniani kote, bila ya kikomo cha muda, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa baadaye. Hizo zilikuwa ni karafuu, mti, ardhi na mvua ambayo haijanyesha. Nilipendekeza miaka 2, Afrika Mashariki, televisheni peke yake, si haki ya pekee, na jina la kituo libaki mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Tulitarajia vita. Mnunuzi alisoma, akasema sawa, na bei haikushuka hata shilingi. Alikuwa amekiandika kifungu kile kwa mazoea tu, kama mvuvi anavyotupa wavu mpana kwa sababu ndio aliokuwa nao. Tangu siku ile sina imani na anayesema "tulikubali kwa sababu wangekataa".

Kuhusu bei, kuna hatari ya pande mbili. Kituo cha umma kikiuza kwa bei ya kutupa kinampa mfanyabiashara mmoja ruzuku ya siri kutoka katika kodi za wote, na washindani wake wana haki ya kulalamika. Kikiuza kwa anayetoa bei kubwa tu, tena kwa haki ya pekee, kila kitu kitakwenda kwa kampuni moja yenye mtaji, na redio ndogo zitabaki zinapiga nyimbo zilezile. Mimi ningependelea bei zitangazwe wazi, sawa kwa vituo vyote vya biashara, na redio za jamii, kama ile ya Micheweni huko kwenu, zipewe vipindi vya elimu na afya bila ya malipo au kwa malipo ya jina tu. Fedha zinazopatikana ziingie katika fungu la vipindi, zionekane katika hesabu za mwaka, na zisipotelee katika mafuta ya magari. Tena zisije zikawa sababu ya kupunguziwa ruzuku ya Serikali. Hazina za nchi nyingi zina tabia hiyo: ukijitahidi ukapata kumi, unapunguziwa kumi, na mwaka unaofuata hujitahidi.

Hatari inayonitisha zaidi haimo katika mkataba wowote. Mtayarishaji akishajua kwamba kipindi cha harusi za Mji Mkongwe kitapata mnunuzi na kipindi cha wakulima wa mwani wa Pemba hakitapata, ataanza kupiga picha za harusi. Hakuna atakayemwamuru. Mnunuzi anakuwa amekaa ndani ya chumba cha kupangia vipindi kabla hajatoa senti moja. Dawa yake ni kuwatenganisha wanaoamua kitakachotengenezwa na wanaotafuta wateja wa kilichokwisha kutengenezwa. Watu wawili, vyumba viwili, na wa pili asimpigie simu wa kwanza kumweleza soko linataka nini.

Vipo pia vitu visivyouzika, na hapa sina maneno mengi. Matangazo ya vifo, ambayo kwetu husikilizwa pengine kuliko tamthilia yoyote, kwa sababu ndiyo yanayomwambia mtu wa Konde kwamba maziko ni saa kumi na awahi boti. Tangazo la kuandama kwa mwezi. Tahadhari ya upepo kwa wavuvi. Hivi vitolewe bure kwa kituo chochote kinachotaka kuvirusha, bila ya kubadilishwa neno wala kupachikwa jina la mdhamini.

Pengine barazani mtauliza pia kama kutouza kunazuia kuporwa. Hakuzuii. Nchini Kenya, KBC, shirika la utangazaji la umma, iliwakuza waigizaji katika mchezo wa Vioja Mahakamani, na mmoja wao, Davis Mwabili, akaja kuwa mhusika mkuu wa Inspekta Mwala katika Citizen, televisheni ya biashara. Huko Uingereza wachekeshaji Morecambe na Wise waliihama BBC mwaka 1978 wakati walipokuwa kileleni. Watu si mali ya kituo, na hawapaswi kuwa. Kituo kinaweza kuwashikilia kwa kuwalipa mapema na kuwaandika majina yao vizuri mwishoni mwa kipindi, na mapato ya mauzo ya marudio, wakipewa sehemu yake, ni njia mojawapo ya kuwafanya wabaki.

Nimewaacha watoto wa chemsha bongo mwisho kwa sababu ndio ambao wewe mwenyewe unaweza kuwafanyia jambo wiki hii. Mtoto hawezi kutoa ridhaa. Mzazi au mlezi ndiye anayeitoa, na ridhaa ya kuonekana katika kituo cha umma Jumamosi moja si ridhaa ya kuuzwa kwa mtu mwingine miaka 4 baadaye, wakati yule aliyelikosa jibu la mto mrefu Afrika amekuwa kijana wa sekondari na wenzake wanamcheka. Siku nyingine skuli yako ikialikwa, iombe barua kutoka kituoni kabla ya basi kuondoka. Barua iseme kipindi kitarushwa wapi, kwa muda gani, kama kinaweza kupewa kituo kingine, na kwamba kikitaka kupewa, skuli itaarifiwa kwanza na mzazi atakuwa na haki ya kukataa sehemu anayoonekana mwanawe. Isomwe kwenye kikao cha wazazi, itiwe saini, na nakala moja ibaki kwenye jalada la mwalimu mkuu. Kituo kikisema hakina barua ya namna hiyo, andikeni nyinyi, ukurasa mmoja unatosha, nao watie muhuri wao chini.